Ile Musuko ya Usigeuke

Ukitaka kujua historia ya avenyu yetu, hii ya nyuma ya soko hapa Bunia, usiulize wazee wa kartie. Wazee wanaongeza chumvi. Uliza vichwa vya wanamuke. Dada yangu Emerance anasuka tangu tuko wasichana, na kila musuko aliyotunga aliipa jina. Kulikuwa "Bwana Ameenda Mungbwalu", kule kwa dhahabu: upande mumoja umesukwa muzuri, upande mwingine umeachwa ovyo, maana nani iko anaangalia? Kulikuwa "Lami Itafika Kesho", musuko yenye kukatikia katikati ya kichwa. Wanamuke walicheka mupaka kushika tumbo, halafu waliketi wasukwe hivyo hivyo.

Wakati ule avenyu ilikuwa na sauti. Ng'ambo ya saloni ya Emerance kulikuwa kiwanja ya orkestra. Pembeni kulikuwa fundi wa rangi, yule mwenye kuandika majina ya maduka kwa mukono. Na ndani ya saloni, kwenye dirisha, mie Françoise na mashini yangu ya kushona. Orkestra ikitoa wimbo leo, kesho Emerance ameigeuza musuko, kesho kutwa mie nimeishona kwenye mikono ya blauzi. Vita ikapita. Kiwanja ya orkestra leo iko depo ya simenti. Fundi wa rangi alikimbilia Kampala, hakurudi. Majina ya maduka sasa yanatoka kwa mashini, yote sura moja. Inanichukiza, nasema wazi.

Siye tulibaki, na Denise akaja. Denise, Mama Osée, iko mutu wa kule juu, Kpandroma. Siye tuko wa upande mwingine. Sitaeleza zaidi. Mutu wa Bunia ameshaelewa, na mugeni aelewe hivi tu: wakati wa vita, watu wa upande wake na watu wa upande wetu waliuana. Vita ilipotulia alikuja kuomba kazi, na Emerance alimuuliza neno moja: alikimbia na musuko gani? Denise akafungua fulari ya kichwa. Mistari ilikuwa inanyooka toka paji ya uso mupaka shingoni, imekazwa, musuko ya muke asiyejua siku gani atashika tena kitana. Na Emerance alikuwa amekimbia na ile ile. Mumoja alienda Beni, mwingine Mahagi, na musuko ilikuwa moja. Walicheka, kisha wakalia. Emerance akaipa jina Usigeuke, akasema ndani ya saloni yake haitasukwa tena. Na haikusukwa, miaka yote ya ile amani ya mudomo.

Basi Elodie, binti pekee wa Emerance, akaposwa na kijana Théodore, mutu wa upande wetu, toka kijiji ng'ambo ya Iga Barrière. Harusi ingefanyika kule kwa wakwe, Jumamosi, na jamaa yote ingepanda gari moja. Loo, dada yangu alivyofurahi! Akatunga musuko mupya, "Nimekuwa Mukwe", yenye kupanda juu sawa chungu kwenye kichwa. Akamufundisha Denise, maana hakuna mutu anayejisuka mwenyewe kisogo.

Ile wiki habari ilikuwa mbaya. Hapa ngombe wamekatwa miguu, pale muzee ameenda shamba na hakurudi. Sokoni watu wa vijijini walinunua chumvi na kandambili bila kubishana bei, na mie nikaogopa, maana mutu wa Ituri asiyebishana bei iko na haraka. Emerance alinichekea, akasema maneno ya sokoni hayaishi. Denise akavuta uzi mwingine. Alikuwa anasuka na kichwa chini.

Ijumaa asubuhi Emerance aliketi asukwe. Kwenye benchi alikuwa anangoja Hélène, mutu wa upande wa Denise. Mashemeji wa Hélène walikuwa watu wa pori, wale wenye bunduki. Kartie yote ilijua, na kartie yote ilinyamaza. Na siku zile, muke mwenye kupeleka neno toka upande huu kwenda ule, watu wake mwenyewe ndio walimumaliza kwanza.

Denise akapiga mustari ya kwanza. Ikaenda moja kwa moja, toka paji ya uso mupaka shingoni. Nikajisemea ataikunja mbele. Hakukunja. Akapiga ya pili, akavuta mupaka ngozi ya kichwa ikapanda. Kioo ilikuwa nyuma yao, Emerance hakuona kitu. Lakini mutu aliyesuka maisha yote anaona na ngozi. Nilimuona anafunga macho. Mikono yake ikakamata magoti.

Hélène akainua kichwa. "Mama Osée, ile haiko ya harusi."

Mguu wangu ulisimama juu ya mashini. Denise alikuwa na uzi kwenye meno, akazidi kusuka.

"Mie ndiye nimemuomba," Emerance akasema, pole pole. "Kichwa inaniuma tangu jana. Ile ya harusi inavuta sana."

Uongo mutupu. Hakuna musuko inavuta kupita Usigeuke, na kila muke anajua. Hélène alicheka kidogo, akarudia simu yake. Denise akamaliza kichwa kizima. Emerance akafunga fulari, akasema asante Mama Osée, sawa siku zote, na akatoka. Nilishona mukono ya blauzi mahali pa shingo.

Saa sita haijafika, dada alikuwa amelala kitandani, anasema iko mugonjwa, hakuna mutu anapanda gari. Elodie alilia, akamutukana mama yake kwamba anamuonea wivu, kwamba iko muchawi. Emerance alimeza yote. Angemuambia nini? Elodie angemuambia Théodore, Théodore baba yake, na mbele ya jua kushuka jina la Denise lingekuwa limefika pori. Akawapigia wakwe simu, akawasihi waje wote Bunia, mama wa bibi harusi anakufa, waje wamuone. Théodore alikuja na moto yake, ile pikipiki. Wazazi wake wakasema ngombe hawaachwi peke yao.

Jumamosi mchana watu wakaanza kuingia kwa barabara ya Iga, magodoro kwenye vichwa, watoto mgongoni. Tulisimama mbele ya depo ya simenti tukawaangalia sura moja moja. Wazazi wa Théodore hawakuwa ndani yao: usiku watu wa pori walishambulia kijiji, na wao waliuawa kule.

Emerance akarudi ndani. Akachukua wembe, akajinyoa kichwa yote kule uani, akakusanya nywele na kuzichoma. Watu wakasema ni matanga ya wakwe, na ilikuwa matanga kweli. Lakini ilikuwa kwa ajili ya Denise pia, maana musuko ile ilikuwa mudomo, na alitaka kuifunga.

Théodore alikuja saloni nyuma ya mazishi ya wazazi wake, na wajomba wake, macho mekundu. Denise alikuwa anafagia. Hakuacha kufagia.

"Mama, weye ulijua," kijana akasema. "Ni nani alikuambia?"

Emerance akavua fulari. Kile kichwa cheupe, cha muke aliyepamba vichwa vyote vya avenyu, kilinichoma roho. "Kichwa ilikuwa inaniuma, mutoto wangu," akasema. "Si unaona."

Wakamuangalia, wakaangalia Denise, wakaenda. Elodie akafuata muchumba wake. Mupaka leo hajakanyaga kwa mama yake, na mama yake hajamueleza, kwa sababu Denise bado iko hai na bado anaishi hapa.

Wiki iliyofuata Hélène akaingia. Aliketi kwenye kiti bila kungoja zamu, akajifungua nywele. "Mama Osée, nisuke sawa ulivyosuka mwenzako ile Ijumaa," akasema. "Hata mie kichwa inaniuma. Ile musuko inaitwa nani?"

Kitana ilimuponyoka Denise mukononi. Emerance akaiokota, akaisimamia mwenyewe kichwa ya Hélène.

"Ile haina jina," akasema. "Hapa hatuijui."

Hélène akageukia kioo, akajitazama, kisha akafunga nywele zake. Haina neno, akasema, atarudi siku ingine.

Hajarudi bado. Emerance anajinyoa kila nywele zikiota, ili ile kichwa iendelee kuuma. Mie nashona. Na kila mulango ikilia, Denise anageuka.