Samaki wa Mwambani

Mwaka 1998 Mastura aliambiwa aache kuanika papa juu ya miamba ya Yiti, pwani ya Omani. Alikuwa na miaka hamsini na mbili. Tangu afiwe na mumewe, papa hao ndio waliomlishia nyumba yake ya Ansab, na alijua kuwaanika tangu utotoni Makunduchi, Unguja.

"Nakupa mwezi, Bi Mastura," alisema Khalil, bwana afya. "Nikirudi nikakuta papa mwambani, kibali chako cha kuuza nakichukua. Paka wanalala nao! Weka chanja za waya."

"Chanja itanipa papa mkavu nje, mbichi ndani. Jiwe la moto ndilo linalomkausha tumbo. Hivi nnavyoanika ndivyo alivyoanika mama yangu."

Khalil alicheka. Alikuwa amesoma Norwei miaka minne. "Kule nako kulikuwa na wabishi kama wewe. Wana samaki wa chumvi, wanamwita klippfisk. Klippe ni mwamba, fisk ni samaki. Zamani walimwanika miambani, jina likabaki. Siku hizi hukaushwa ndani, kwa mashine."

"Samaki wa mwambani."

"Ehe. Lakini jina halifukuzi paka, bibi."

"Nambie, mwanangu, wao wakati huo paka wao waliwafunga kamba?"

Khalil akamkumbuka bibi mmoja wa kule aliyempangisha chumba, aliyependa kusimulia utoto wake. Akamweleza Mastura aliyoyasikia kwake. Wanawake walisugua mwamba, wakatandaza samaki asubuhi. Jioni walimkusanya, wakampanga marundo ya duara, wakayafunika kwa vifuniko vya mbao.

"Kumbe!" Mastura akasimama. "Umenipa jina, kazi yake ukanificha."

Kesho yake alinunua brashi ngumu na mbao za vifuniko. Mwezi mzima alisugua mwamba kwa maji ya bahari, na kila jioni aliinama kukusanya papa mmoja mmoja, mgongo ukimlilia. Jirani zake walimcheka: Bi Mastura anawalaza samaki! Aliwaacha wacheke. Wanawake asiowajua, wa bahari ya baridi, walikwishainama hivyo kabla yake.

Khalil alikuja alfajiri, bila taarifa. Alipitisha kiganja mwambani, akakinusa. Akafunua rundo moja, akamkata papa mmoja katikati. Mkavu mpaka ndani.

"Utaweza kila siku?"

"Nnaweza leo. Kesho njoo uangalie."

Akamwandikia kibali kipya, cha msimu mmoja tu. Mastura alikikunja, akakitia kifuani, kisha akainua kifuniko cha pili, kwani jua lilikuwa linatoka.