Mkono Chini ya Shali

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyogombezwa mbele ya mwanamke asiye wa kwetu, tena nikiwa mtu mzima mwenye ndevu. Ilikuwa Kajiado, miaka ya tisini ikielekea kwisha, ndani ya kliniki ya ngozi. Lakini ngoja kwanza nikueleze habari ya mikono yangu.

Mikono hii ilikuwa na ukurutu. Si ule wa watoto, wangu ulinianza nikiwa tayari niko na mke. Viganja vilikauka, vikapasuka, vikawasha mpaka nikawa najikuna ukutani kama ng'ombe mwenye kupe. Na kazi yangu, bwana, ilitaka mikono. Mjomba wangu Hassan, aliyenileta kutoka Garissa, alikuwa broka wa mifugo katika soko la Kitengela, na alikuwa akinifundisha ili nishike nafasi yake. Sisi watu wa kule hatutaji bei kwa mdomo sokoni, kila mpita njia asikie. Mnashikana mikono chini ya shali, vidole vinabonyezana, mnaelewana. Sasa mnunuzi akinibonyeza kidole kilichopasuka, mimi naruka! Yeye anadhani nimeikataa bei yake, anaenda zake amenuna. Wengine wakigusa ule ukavu walitoa mkono haraka, wakaupangusa kwenye suruali. Niliona aibu, wallahi. Mjomba naye hakunificha: broka asiyeshikika mkono atarudi kuchunga mbuzi.

Usidhani sikutafuta dawa. Nilienda kliniki kila nilipoitwa. Daktari, binti wa Kimaasai mpole sana, huniuliza, "Unaendeleaje, Yusuf?" Nami, mtoto wa watu niliyefunzwa adabu, hujibu, "Alhamdulillah." "Dawa inakusaidia?" "Inasaidia sana, daktari, Mungu akubariki." Ningesema nini? Kwetu mtu akikujulia hali humwagii shida zako miguuni. Basi ananipa mafuta yale yale, narudi Kitengela na kuwashwa kule kule, na njiani namlaumu: daktari gani huyu asiyejua kutibu!

Siku hiyo mjomba alikuwa na shughuli zake Kajiado, akaingia pamoja nami. Akaketi pembeni, akaisikia Alhamdulillah yangu. Weee! Alipiga bakora sakafuni hadi daktari akaangusha kalamu.

"Yusuf, umerogwa? Alhamdulillah ni ya Mungu, na Yeye anaijua hali yako hata ukinyamaza. Huyu binti atajuaje? Mficha uchi hazai! Fungua huo mkono, useme!"

Daktari alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka akafuta machozi. Nikacheka na mimi, ingawa masikio yalikuwa yamewaka moto. Halafu nikasema yote. Kwamba mafuta yale yananichoma. Kwamba nayapaka nikiumia tu, nikipata nafuu nayasahau. Kwamba natia mikono mitupu kwenye dawa ya kuogeshea mifugo, kisha nanawa kwa sabuni ya kufulia. Mwanangu, siku hiyo niliongea kama bomba lililozibuliwa.

"Kumbe!" daktari akasema. "Na vile kila mara uliniambia uko sawa! Niko na dawa nyingine, tujaribu."

Akanibadilishia. Glavu nivae kila nikiogesha wanyama, sabuni ile niiache, na mafuta mazito nijipake kila nikimaliza kutawadha, hata siku isiyowasha. Tena hakunidanganya. Alisema ukurutu utaenda na kurudi, lakini nikimwambia ukweli tutaushinda nguvu.

Niliporudi akauliza vile vile, unaendeleaje. Nikajibu, "Alhamdulillah, lakini kidole gumba bado kinanisumbua." Ungeona alivyotabasamu! Akarekebisha dawa, na polepole ngozi ikaanza kufunga. Nikalala usingizi ambao nilikuwa nimeusahau.

Basi siku ya soko akaja mnunuzi mmoja wa Ngong, mbishi kweli kweli, akaingiza mkono chini ya shali. Akabonyeza. Nikambonyeza. Akabonyeza tena kwa nguvu, nami sikuruka! Ng'ombe wakauzwa. Mjomba akanikumbatia mbele ya soko zima, akasema, "Sasa nitaenda kupumzika." Furaha gani ile, jamani! Jioni nikafika nyumbani, nikamshika mke wangu mikono yote miwili bila sababu yoyote. Akanitazama juu hadi chini. "Kwani leo broka unataka kuninunua mimi?"

Sasa nisikilize vizuri, mwanangu. Ukurutu bado hunitembelea, hasa miezi ya vumbi, lakini hauniamrishi tena. Ukienda kutibiwa, usimwonee daktari haya. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na daktari hajalala kwenye ngozi yako. Ikiwasha, sema inawasha. Dawa ikikushinda, sema imekushinda, usiitupe kimya kimya halafu umlaumu mwenzako njiani. Na ikikufaa, mwambie pia, afurahi, nawe usiache kuipaka. Adabu haijamkataza mtu kusema panapouma.

Mungu akupe afya, mwanangu. Na siku atakapokujaribu, akupe mtu wa kukuuliza hali kwa moyo, na wewe akupe kinywa cha kumjibu ukweli. Amina.