Matundu ya Nyumba ya Bibi Nasrin

Kalinga ni fundi uashi wa Kihesa, mtu mpole anayetembea mjini akiangalia kuta kuliko watu. Nyumba anayoipenda kuliko zote Iringa ni ya Bibi Nasrin. Ilijengwa na babu yake, tajiri wa mchele na ngozi: mbele duka, juu vyumba vya familia, katikati ua. Kuta za mawe ni nene kiasi kwamba mtoto anaweza kulala dirishani. Sebule ya chini ina sakafu ya mbao za mninga, na chini ya mbao wajenzi waliacha uwazi. Nje, karibu na ardhi, waliweka vijitundu.

Vijitundu hivyo Kalinga aliviziba kwa saruji miaka kadhaa iliyopita. Bibi Nasrin alikuwa amelalamikia panya na baridi ya Julai, na Kalinga akapiga plasta hadi ukuta ukawa laini kama sahani. Alisifiwa, akaondoka kifua mbele.

Mwaka huu aliitwa kupaka rangi kabla ya khitma ya marehemu Iqbal, mume wa Bibi Nasrin. Alipofika karibu na dirisha ndani ya sebule, mguu ukazama sakafuni. Akainua ubao. Chini kulikuwa kweusi, kumelowa, kunanuka uyoga. Hewa haikuwa imepita humo tangu siku ile ya plasta. Alijua papo hapo.

Bibi Nasrin akaja kuona, akamgeukia Obeid, fundi cherehani aliyepanga chumba cha uani na ambaye humsafishia sebule.

"Ni wewe! Unamwaga maji kama unaosha lori."

"Mama, mimi nadeki kwa kitambaa tu."

"Kitambaa gani hicho? Bado kidogo ungefuga kambale humu. Hama leo!"

Obeid akamtazama Kalinga. "Kaka, wewe ndiye fundi. Hebu sema."

Kalinga akaurudisha ubao. "Maji ni mabaya kwa mbao," akasema.

Lilikuwa neno la kweli, na ndilo lililomuumiza. Alitoka nje akakoroga rangi, akakoroga tena, bila kupaka hata kidogo. Obeid akapita amejitwika godoro. Akarudi, akatoka amekumbatia cherehani.

Kalinga akachukua nyundo na tindo, akaanza kugonga ule ukuta laini.

Bibi Nasrin alitoka mbio. "Wewe! Unavunja nyumba ya babu yangu?"

"Naifungua, mama. Mimi ndiye niliyeziba hewa, mbao zikaoza. Obeid hana kosa."

Saruji ikadondoka. Bibi Nasrin akainama, akaweka kiganja kwenye tundu. Pumzi ya baridi yenye uvundo ilikuwa inatoka. Akamgeukia Kalinga.

"Na ulikuwa unamwacha mwenzako aende?"

Kalinga akashusha nyundo.

"Obeid, baba, rudisha vitu vyako. Nisamehe. Watu wa khitma watakaa uani."

Obeid akaitikia kwa kichwa, akageuka na cherehani yake. Kalinga akakimbilia kumshikia upande mmoja.

"Acha," Obeid akasema bila kumtazama. "Nitabeba mwenyewe."