Besi Kabla ya Pamba Kuuzwa

Kaseti ya baba bado inanukia pamba mbichi. Kwetu Bariadi magunia ya mavuno yalijaa sebuleni hadi karibu na bati, yakameza mwangwi wote, ndiyo maana baba alirekodi gitaa lake la besi humo. Pamba ikishauzwa, kuta zilirudisha kila mlio.

Asubuhi moja mnunuzi akaja na lori. Mama akamzuia mlangoni.

“Zima injini. Mume wangu hajamaliza besi.”

“Mayu, mama yangu, wanunuzi wenzangu watanitangulia.”

“Basi nenda.”

Akazima. Akasubiri, na mguu wake ukaanza kufuata mapigo.

Leo nimeiingiza kaseti kwenye kompyuta, nikasafisha mikwaruzo yote. Besi inapotulia, mama anasikika: “Haya, sasa njoo ubebe.”

Hapo sijagusa.