Saa Nyeusi ya Mzee Mogesi

Pale sokoni Mugumu, ukimpelekea Wegesa saa mbovu na maneno mengi, atairekebisha saa na wewe mwenyewe atakurekebisha. Mama huyu ana mdomo, jamani! Ufundi alifundishwa na baba yake, Mzee Mogesi, ambaye watoto wake walimwita tata, kama Wakurya wanavyomwita baba. Mzee alikuwa dereva wa watalii kule Ikoma, na wageni wakiondoka walimwachia zawadi. Alipofariki aliacha saa tatu za zamani, zile zenye vitufe viwili ubavuni vya kupimia mbio.

Matanga yalipokwisha, baba mdogo Heche aliwaita watoto wote watatu nyumbani Morotonga.

"Wegesa, fundi ni wewe. Zikadirie. Ila mkadiriaji atachagua mwisho, asije akajipendelea."

Marwa, kaka mkubwa, angeanza, kisha Sylvester. Wegesa alikuwa anaitaka moja tu, ile nyeusi. Ndiyo aliyoivaa mzee siku zote, na ndiyo aliyoibonyeza jioni Wegesa akiwa msichana, akimtuma mbio mpaka barabarani na kurudi. "Kimbia, mwanangu, mshale haukusubiri!" Kioo chake kilikuwa na mkwaruzo wa pembe ya ng'ombe.

Sasa ona mtihani huo. Saa nyeusi ndiyo ilikuwa chakavu kuliko zote. Angesema haifai kitu, ndugu zake wangemwachia huku wakicheka, na pale hapakuwa na wa kumkosoa.

Akafungua mifuniko, mmoja baada ya mwingine.

"Hii ya dhahabu ni urembo tu. Mashine yake ya asili ilishang'olewa, humu wamepachika ya betri. Thamani yake mbuzi, tena aliyekonda." Akaishika nyeupe, iliyokuwa inang'aa. "Na hii nani kaisugua?"

"Mimi," Sylvester akajibu kwa majivuno. "Kwa dawa ya meno. Si imependeza?"

"Imependeza kweli! Umeisugua mpaka maandishi ya mgongoni yamefutika, wewe mura, kijana mzima! Wanunuzi wa saa za zamani wanataka sura yake ya kuzaliwa. Ilikuwa ng'ombe, sasa ni ndama."

Ikabaki nyeusi. Wegesa akaigeuza, akaigeuza tena. Baba mdogo akakohoa.

"Uso wake chini ya kioo haujaguswa," akasema hatimaye. "Mishale ni yake, mashine ni yake, haijasuguliwa hata siku moja. Hii ni ng'ombe wa maziwa pamoja na ndama wake." Aliyasema hayo huku roho inamuuma kwelikweli.

Marwa akaidaka papo hapo. "Kuna tajiri Arusha ananunua hizi!" Sylvester akachukua nyeupe yake. Wegesa akabaki na mbuzi wake aliyekonda.

Mwingine angelia. Yeye alimgeukia Marwa.

"Kaka, saa hiyo haiendi Arusha. Nina ng'ombe wangu wa maziwa, na ana ndama. Kesho watakuwa zizini kwako."

Marwa akatahayari. "Acha hizo, dada. Ni saa ya tata. Nipe ndama tu, yaishe."

"Sitaki! Bei nimeitaja mwenyewe mbele ya baba mdogo. Ukinipunguzia leo, kesho mtasema nilikadiria kwa ajili ya tumbo langu. Utachukua wote wawili."

Marwa alimjua dada yake, akamkabidhi saa.

Ng'ombe akapelekwa, na ndama nyuma yake. Asubuhi iliyofuata zizi la Wegesa lilikuwa tupu, akanywa chai ya rangi. Alipomaliza akaitia saa ufunguo, akaifunga mkononi, akapandisha kanga yake magotini, akabonyeza kitufe. Akachomoka mbio kuelekea barabarani, mama mwenye wajukuu, kuku wakitawanyika huku na huku.

Zilpa, jirani yake, akatoka nje na mwiko mkononi.

"Mama wee! Wegesa, nani anakukimbiza?"

"Tata!" akajibu, machozi yanamtiririka, wala hakusimama.