Manowari ya Bomba Tatu

Mume wangu Ambrosi hajawahi kuiona bahari. Mimi nimeiona mara moja, Mtwara, nilipokwenda kwenye semina ya walimu. Nikaambiwa maji yote yale hayanyweki, nikaona ni dharau tu kwa sisi watu wa Newala. Kwa hiyo msitegemee kwangu habari za mawimbi. Ninachotaka kueleza ni jinsi Ambrosi, fundi vinyago aliyezeekea juu ya uwanda ambao ndoo ya maji hufungiwa chumbani, alivyotumia karibu miaka miwili kuchonga meli ya kivita, na mimi mkewe nikiwa nimemnunia kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo.

Chanzo ni baba yake, Mzee Nikolao, tuliyekuwa tukiishi naye uani kwetu. Alikuwa amepita miaka tisini na macho yalishafunikwa na mtoto wa jicho. Wakati wa vita vya Wajerumani, akiwa kijana, alikamatwa huku chini upande wa Masasi, akafungwa kwenye kamba pamoja na wenzake, akavutishwa mzinga wa meli. Meli yenyewe ilikuwa imekwisha kuzama huko Rufiji. Wajerumani waliitoa mizinga yake kumi, wakaitia magurudumu, wakaifanya mizinga ya nchi kavu. Na magurudumu hayo hayakuvutwa na ng'ombe, yalivutwa na watu.

Mzee hakuiona meli ile hata siku moja. Alichokuwa akitusimulia ni mzinga, kamba, na jina walilokuwa wakilitaja wavutaji: manowari ya bomba tatu. Mimi mwalimu ningemsahihisha niseme mabomba matatu, lakini jina la mtu halisahihishwi, wala la meli.

Tatizo ni kwamba Newala bomba ni kitu kimoja tu, nalo ni la maji. Likitoa maji tunapigiana kelele mtaa mzima, na likikauka, ambayo ndiyo kawaida yake, tunateremka bondeni au tunanunua kwa wenye baiskeli. Sasa mzee akianza hadithi yake, watu walicheka kabla hajafika mbali. Mji mzima tunagombania bomba moja, yeye meli yake ilikuwa na matatu, tena imepanda mpaka huku mlimani. Wakambatiza Bomba Tatu. Jirani yangu Severina ndiye aliyekuwa kinara wao, kila asubuhi akipita na ndoo kichwani ananiuliza, "Bomba Tatu ameamkaje?"

Hata Ambrosi neno hilo lilimwingiza mjini. Maji ya bomba yalipofika kwa mara ya kwanza, naye kijana ndiyo kwanza anajifunza patasi, alidhani sasa ameelewa. Akamchongea baba yake chombo kidogo kizuri, juu yake kina mabomba matatu ya maji yamesimama wima, na koki zake. Mzee, aliyekuwa bado anaona, alikigeuza geuza akauliza, "Na hapa anachota nani?" Alicheka mpaka akakaa chini, ndipo akaeleza kwamba ni bomba za moshi. Ambrosi alikitia motoni chombo kile. Hadithi hii nimemsimulia kila mgeni aliyefika kwetu, na sina nia ya kuacha.

Ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Nguo tulizokuwa tukizipangia foleni zikaanza kushuka kwa marobota ya mitumba. Mwaka wa themanini na tisa nilikwenda Masasi kumtafutia binti yetu Dominika sketi, kwenye banda la Zuhra, mwanamke mwenye maneno mengi na nguo nzuri. Ukutani alikuwa amebandika kalenda ya Ulaya yenye picha za meli za zamani. Mwezi wa Aprili ulikuwa na meli ya kijivu, nyembamba, juu yake mabomba ya moshi. Nikayahesabu mara mbili.

"Hiyo ilikuja ndani ya robota, mwalimu," Zuhra akasema. "Mwaka wake umeshapita."

"Nipe Aprili iwe nyongeza ya sketi."

"Umenibana bei mpaka mwisho, halafu nyongeza?" Lakini aliichana akanipa.

Nyumbani, Ambrosi aliiweka picha magotini na kuanza kulisoma jina lililoandikwa chini yake. "Ko... Konigi... Konigisi..."

"Kenisbegi," mzee akasema kutoka kwenye kigoda chake, ng'ambo ya ua. Hakuna aliyekuwa amemwambia tunatazama nini. "Nani amelitaja jina la meli yetu?"

Ambrosi aliinuka. Aliingia ndani, nami nikamfuata, nikamkuta amekaa kitandani na picha mkononi. Hapo ndipo aliponiambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia tangu tuoane. Alipokuwa mtoto wa shule alisimama darasani akasema baba yake alivuta mzinga wa meli. Darasa likaangua kicheko. Naye kwa aibu akasema, "Si mimi, baba yangu ndiye mwongo." Aliyasema mbele ya watu wote. Alikuwa amelibeba neno hilo miaka zaidi ya arobaini akila na baba yake sahani moja, na hakuwa amepata njia ya kulitua.

"Nitamtengenezea meli yake," akasema. "Nikimkabidhi, nitamwambia."

Nilimwonea huruma sana siku ile. Huruma hiyo, nakiri, haikudumu miaka miwili.

Alifuata gogo la mpingo huko Chiungutwa, akalirudisha kwa baiskeli akiwa amelifunga kwa mipira. Vipimo alivichukua kwa njiti ya kiberiti: urefu wa njiti moja kwenye picha ukawa vidole vitatu vya mpingo. Meli ilitoka ndefu kuliko mkono wangu. Mizinga aliitoa kwenye spoku za baiskeli, kila mmoja ameupiga tupa mpaka ukawa mwembamba mdomoni. Mitumbwi ya kujiokolea ilikuwa nusu za maganda ya korosho. Kamba za milingoti ni nyuzi za gunia alizozipaka nta. Vidirisha vya ubavuni alivichoma kimoja kimoja kwa waya wa moto, na kimoja kikienda upande alikaa siku nzima bila kuzungumza na mtu. Mnyororo wa nanga ulikuwa mkufu wangu. Mkufu ule niliutafuta siku tatu, naye akinisaidia kuutafuta, anainua mikeka, anapapasa chini ya kitanda, uso mkavu kabisa.

Picha ilionyesha ubavu mmoja tu. Ubavu wa pili alipewa na mzee, ambaye msimamizi wao kwenye kamba alikuwa baharia wa meli hiyohiyo, akiwachorea meli yake mchangani wanapopumzika. "Mbele miwili, bega kwa bega," mzee alisema. "Nyuma vilevile. Iliyobaki sita, mitatu huku, mitatu huku." Ambrosi akahesabu kwenye picha ya upande mmoja akapata mitano, ikawa sawasawa. Nilimwona akiinama ghafla kuokota kitu ambacho hakikuwa kimeanguka.

Mujibu, aliyekuwa akinunua vinyago kwetu na kuvipeleka Dar es Salaam, alikuja mara tatu akarudi mikono mitupu. "Fundi, wazungu wanataka vinyago vya mashetani. Meli wanazo kwao." Alipoiona imekaribia kwisha akabadili wimbo, akaitaka yeye. Ambrosi akaifunika kwa gunia. "Ina mwenyewe," akasema. Mimi nilikuwa nikiota mifereji ya bati ya kuvunia maji ya mvua kwa fedha za meli hiyo, na nilimnunia wiki nzima.

Meli ilikwisha mwezi wa Oktoba, mwaka wa tisini na moja, wakati ambao Newala hata mate tunameza kwa adabu. Mzee miguu ilikuwa imevimba na chakula kimemshinda. Ambrosi alimpakatisha meli magotini. Mzee akaipapasa kuanzia mbele mpaka nyuma, akasimama kwenye mabomba. Akayagusa moja, mbili, tatu. Nikamtazama mume wangu nikijua kwamba sasa atalisema. Akafungua mdomo, lakini mzee akamtangulia.

"Inaelea?"

Ambrosi akanitazama mimi. Mimi nikatazama kwingine, kwa sababu ufunguo wa chumba cha maji ulikuwa kiunoni kwangu na ndani mlikuwa na ndoo mbili za watu watano.

"Tungoje mvua, Baba," nikasema.

"Sawa, Mama Dominika," akajibu, wala hakulalamika.

Kesho yake nilimpelekea maji yake ya kuoga, nusu ndoo, akayarudisha. "Yaweke ya leo. Nitaoga siku nyingine." Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu nikamgombeza kwa adabu anayostahili mkwe, kwamba mgonjwa hakai bila kuoga. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, nakusanyia meli." Niliingia jikoni nikalia. Nikatoka nikafungua chumba, nikazitoa ndoo zote mbili, na moja nikaenda kuazima kwa Severina. Aliponiuliza ya nini nikamwambia, "Njoo uone mwenyewe, na mdomo wako uje nao."

Tulitumia pipa lililopasuliwa kwa urefu. Severina alikuja, na nusu ya mtaa nyuma yake. Mzee tulimkalisha kwenye kigoda, mkono wake wa kulia ndani ya maji.

Hapa lazima niseme kosa letu, maana ni la wote wawili. Mpingo ndio mti wetu wa heshima, hakuna fundi wa huku ambaye kazi ya moyo wake angeifanya kwa mti mwingine. Na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuutia mpingo majini, maji hayo tungeyatoa wapi? Ambrosi hakuichimba ndani kwa kuogopa isipasuke. Alinieleza kwamba ikiwa meli ya chuma inaelea, ya mti itashindwaje, nami ninayefundisha sayansi darasa la tano nikamwambia ni kweli.

Akaishusha taratibu kwa mikono miwili. Akaachia. Meli ilikwenda chini moja kwa moja, ikagonga bati la pipa, ikatulia.

Hakuna aliyecheka, hata Severina. Ambrosi alibaki ameinama, mikono inadondosha maji, na uso wake sitaki kuueleza. Miaka miwili ilikuwa imelala pale chini, na mizinga yake yote kumi.

"Imeelea?" mzee akauliza.

Nilikuwa tayari kudanganya. Nilishafungua kinywa niseme imeelea, Baba, imesimama vizuri kabisa. Lakini mkono wake ulikuwa umeshateremka majini, unatafuta. Ukayakuta mabomba yakiwa wima chini ya maji. Akayagusa moja, mbili, tatu, na uso wake ukafunguka wote.

"Imezama," akasema. "Ndivyo ilivyokuwa. Ambrosi, umeipata. Ingeelea mimi ningevuta nini?"

Akaanza kuipapasa mizinga mmoja mmoja, kana kwamba anatafuta mtoto wake katika kundi la watoto. Akasimama kwenye mmoja wa nyuma. "Tuseme huu ni wetu. Mimi na Husseni." Jina hilo hatukuwahi kulisikia. Husseni alikuwa mbele yake kwenye kamba, akaanguka njiani, na kamba haikusimama. Alilisema hivyo tu, mkono ukiwa bado majini. Severina akapiga magoti pale pale kwenye vumbi akasema, "Shikamoo, Baba." Mzee akaitika marahaba bila kuuliza ni nani.

Watu walipotawanyika nikasema maji yale hayamwagwi, mzee ataoga. Ambrosi akayachota akayapeleka kwenye bafu letu la nyasi, akambeba baba yake. Mimi mkwe siruhusiwi kukaribia, lakini kunde zangu za kuchambua zilikuwa karibu na ukuta, na masikio sikuyaziba.

Kwa muda nilisikia maji tu. Kisha nikamsikia mume wangu. "Baba, hapa begani ndipo kamba ilipokaa?"

"Hapo."

Maji yakamwagika tena. Kisha, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Baba, nilipokuwa shule nilisema wewe ni mwongo. Mbele ya darasa zima."

"Najua," mzee akasema. "Mwalimu wako aliniambia wiki ileile."

"Ulijua? Miaka yote hii?"

"Ulikuwa mtoto, na hukuwa na picha. Sugua hapo chini kidogo, Ambrosi. Hapo hujafika."