Nilivyowapaka Jiivii Wapiga Kura wa Magamba

Mpaka leo nikienda Magamba kuna watu wazima, wenye wajukuu, wakiniona wanaficha mikono nyuma na kuniuliza, "Mwalimu, leo umekuja na chupa?" halafu wanacheka mpaka wanakaa chini, nami nacheka nao kwa sababu najua nikinuna ndiyo wataongeza. Basi leo nasimulia mwenyewe, maana nimechoka kuisikia kwa watu ambao hata hawakuwepo, na wengine wanatia chumvi kwamba nilifungwa pingu (sikufungwa pingu, niliombwa tu nikae kwenye benchi). Aibu ni yangu, acha niiseme mimi.

Ulikuwa ule uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, miaka ya tisini, Mpanda bado tuko mkoa wa Rukwa na habari ya mkoa wa Katavi haijazaliwa. Nilikuwa nafundisha shule ya msingi pale mjini, hesabu na Kiswahili, na niseme ukweli, nilikuwa mtu wa kujisikia. Wakaja watu wa chuo kikuu kimoja wakitafuta walimu wenye mwandiko mzuri wa kwenda kuhoji wapiga kura: utapiga kura au hutapiga, siasa unaongea na nani, nani nyumbani kwako anaamua kura iende wapi. Tulifanya jaribio walimu wengi, wakachukuliwa wachache, na jina la kwanza kusomwa lilikuwa Skolastika, yaani mimi. Nikapewa mkoba wa turubai, kibao cha kubania karatasi na kitambulisho chenye picha cha kuning'iniza shingoni, ambacho nilikivaa mpaka kanisani na mpaka kisimani, hadi mume wangu Simoni akawa ananiuliza mezani, "Mtafiti, mboga ya leo unaridhika nayo kwa kiasi gani: sana, kiasi, au huridhiki kabisa?"

Nikapangiwa Magamba, na kwa kuwa nilijifanya sichoki, nikaongezewa na kitongoji cha wafugaji kilichoko nyuma yake, Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Watu wa heshima sana wale. Unafika, unapewa kigoda, unapewa maziwa, mnasalimiana mpaka ng'ombe mnawasalimia, ndipo unatoa karatasi. Kazi yenyewe haikuwa rahisi. Mzee mmoja, Masanja, alinisikiliza maswali yote hadi nilipofika lile la atampigia nani, akaweka kikombe chini.

"Mwalimu, kura si mmesema ni siri?"

"Ni siri, baba."

"Sasa nikikuambia wewe, itabaki siri ya nani?"

Nikaandika "hakujibu" (swali kama hilo kwenye mafunzo hatukufundishwa) na kushukuru kwa maziwa. Lakini wengine walijibu, na nilirudi mjini siku ya Jumatano na mkoba umejaa, nimeungua na jua, najiona kama mimi ndiye ninayeendesha uchaguzi wenyewe.

Msimamizi wetu alikuwa kijana kutoka chuoni, Deo, mwenye miwani na pikipiki. Akapekua madodoso yangu (ndivyo zilivyoitwa zile karatasi za maswali), akapekua tena, halafu akaniangalia kwa namna ambayo mimi huwa namwangalia mwanafunzi aliyenakili kwa jirani.

"Mwalimu, hapa una Kabula wanne. Huyu ana miaka hamsini, huyu hamsini, huyu hamsini, na huyu hamsini na kitu. Wote wafugaji, wote hawakusoma. Wewe unapika majibu?"

Kupika majibu, kwa asiyejua, ni kukaa kivulini ukajaza karatasi mwenyewe bila kumhoji mtu. Mimi! Mimi niliyewahi kumfuata mwanafunzi nyumbani kwao jioni kumwambia nimemzidishia alama mbili. Nikamweleza kwamba kwa Wasukuma Kabula ni mtoto wa kike aliyezaliwa wakati wa mvua, na mvua, ashukuriwe Mungu, inanyesha kila mwaka, kwa hiyo Kabula wako wengi, na miaka wanakadiria. Akasema, "Sawa, lakini nitajuaje kwamba hukumhoji Kabula mmoja mara nne?"

Hapo ndipo nilipokosea. Badala ya kunyamaza na kufikiri nikasema, "Utajua," nikainuka na mkoba wangu kwa hasira, nikaenda moja kwa moja zahanati kwa rafiki yangu Yustina, muuguzi, nikamwomba jiivii, ile dawa ya zambarau ya vidonda ambayo ikikugusa inakaa kwenye ngozi siku na siku. Akanipa chupa na pamba. Mpango wangu ulikuwa huu: kila ninayemhoji nampaka kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kile kisichoshika ugali, hivyo hawezi kuhojiwa mara ya pili, na Deo akitaka ushahidi apande pikipiki yake akahesabu vidole. Wazo nililitoa redioni, walikuwa wametangaza kwamba siku ya kura mtu akishapiga atapakwa wino asirudie. Nililala naona chuo kikuu kizima hakikufikiria kitu hicho, nimekifikiria mimi. Kwamba Jumapili ilikuwa inakuja, na watu hao hao watakwenda na vidole hivyo hivyo kwenye kituo, akili yangu haikufika huko.

Alhamisi nikarudi kwa wafugaji. Wa kwanza kumpaka alikuwa Mayu Kabula, bibi mwenyewe wa ile kaya kubwa (mayu ni mama, ndivyo tulivyomwita wote). Akakigeuza kidole chake juani, akauliza, "Na hii ndiyo ile ya redioni?" Mimi nikadhani ananisifu kwamba nimeiga redio, nikasema, "Ndiyo hiyo hiyo, mayu." Jamani, ndiyo hiyo hiyo! Akanishukuru kwa mikono miwili.

Baada ya hapo nikashangaa watu wanakuja wenyewe. Waliokuwa hawamo kwenye orodha yangu wakalalamika kwamba mimi nabagua, kwa nini kaya hii ipakwe na ile isipakwe, na mimi nikisifiwa ninalegea, nikaanza kuwapaka hata ambao sikuwahoji. Mwenyekiti wa kitongoji nikampaka. Hata Mzee Masanja, yule wa siri, akaleta kidole kimya kimya. Ijumaa jioni chupa imefika nusu, na hakukuwa na mtu mzima kitongoji kile ambaye hana kidole cha zambarau, nikaondoka nao wananisindikiza mpaka njia panda.

Jumapili nikavaa kitenge kipya na viatu vya kisigino. Kazi yangu siku hiyo ilikuwa kusimama mbali kidogo na kituo cha Magamba, pale shuleni kwao, na kuwauliza watu wakitoka. Simoni akasema, "Piga kura yako kwanza, ndipo uende." Nikamjibu kituo chetu cha mjini hakikimbii, nitapiga nikirudi, nikapanda baiskeli yake nikaenda.

Nilipofika niliona foleni haisogei. Mbele kabisa alikuwa amesimama Mayu Kabula, ameshika shahada yake ya kupigia kura, ile aliyotembea siku nzima kwenda kujiandikisha aipate, na msimamizi wa kituo, baba mmoja mpole mwenye kofia ya mkeka, ameshika kidole chake.

"Mama, umeshapiga wewe. Hii ni nini?"

"Mwalimu alinipaka. Nilidhani ndiyo nimepiga. Usiku nikafikiri, nikaona hapana, mimi sijatumbukiza karatasi popote. Ndiyo nimekuja."

Nyuma yake walikuwa wengine wa kitongoji chake, watu sita au saba tu, wote wameinua vidole. Mawakala wa vyama wakasimama. Huyu anasema chama kile kimewapaka watu ili wasipige, yule anasema chama hiki kimewapaka ili wakikataliwa wafanye fujo, na askari akashika rungu lake vizuri. Halafu Mayu Kabula akageuka akaniona, uso wake ukafunguka kwa furaha, akaninyooshea kile kile kidole cha zambarau.

"Mwalimu yule pale."

Vyama vyote, ambavyo tangu asubuhi vilikuwa havijakubaliana hata benchi likae wapi, vikakubaliana juu yangu. Wakanizunguka. Kitambulisho changu kikasomwa kwa sauti, mkoba ukafunguliwa, chupa ikatolewa, na wakala mmoja akaiinua juu foleni nzima iione. Nikaketishwa kwenye benchi la darasa la kwanza, magoti yamefika kidevuni, mbele ya watu wote wa Magamba na wazazi wa wanafunzi wangu. Baiskeli ilikuwa pale karibu. Sitasema uongo, niliiangalia. Lakini niliwaza wale waliobaki nyumbani, kitongoji kizima wanakamua ng'ombe wao kwa amani wakidhani wameshachagua rais wao uani kwa Mayu Kabula, kura ya kwanza ya maisha yao ambayo kuna zaidi ya chama kimoja, na aliyewanyang'anya ni mimi. Aibu ya benchi ikawa ndogo kwa aibu hiyo.

Nikasimama. Nikasema kwa sauti ya paredi ya asubuhi, "Hakuna chama hapa. Nimewapaka mimi, kwa jiivii ya vidonda, kwa sababu niliambiwa napika majibu na nikakasirika. Hawajapiga kura hawa. Kosa ni la Mwalimu Skolastika peke yake." Mtu mmoja nyuma kwenye foleni akaanza kucheka, na ikawa basi, wote wakafuata.

Yule baba wa kofia ya mkeka akafikiri, akaongea na mawakala wote pembeni, akarudi. "Daftari ninalo, majina yao yapo na hayajawekwa alama. Lakini kidole chenye rangi mimi sikipitishi. Kikisafishika, atapiga."

Jiivii haitoki kwa maji wala sabuni, inatoka kwa spiriti, na spiriti ya zahanati ya pale ilikuwa kidogo, ikaisha kwenye kidole cha tatu. Ndipo mama mmoja wa Magamba (jina nalijua, silisemi) akasema polepole kwamba nyumbani ana chupa ya kitu ambacho ni kikali kuliko spiriti. Wote tulijua ni gongo, ile pombe iliyopigwa marufuku. Wote tukamwangalia askari. Askari akageuka akatazama barabara kwa makini sana, akabaki anaitazama mpaka chupa ikafika.

Deo naye akatokea na pikipiki yake kuja kunikagua. Nikamwambia kwa kifupi, na sikumpa nafasi ya kusema neno. "Nenda kitongojini, waambie ile haikuwa kura. Wenye miguu mibovu wabebe."

Nikavua viatu vya kisigino, nikapiga magoti kwenye vumbi na kitenge changu kipya, nikaosha vidole. Kila mtu alipita kwangu kwanza, ananipa mkono, namsugua kwa pamba na gongo, nampa pole, anaenda kwenye foleni ananuka kama ametoka kilabuni. Mzee Masanja alipofika akaniinamia sikioni, "Mwalimu, sasa hii nayo tutaiita siri?" Wengine walioshwa kidole wakaomba na kikombe cha kunywa, nikawakatalia kama mwalimu.

Mchana foleni ikajaa watu wa kitongoji, na Deo, aliyekuwa ameleta vikongwe mmoja mmoja kwa pikipiki, alikuwa amesimama mlangoni karani anaposoma daftari. "Kabula Masanja." Akapita. "Kabula Luhende." Akapita. "Kabula Ngasa." Deo akavua miwani, akaifuta. Walikuwa saba, kumbe wanne wangu walikuwa wachache, na wote walisimama pale mbele yake kwa wakati mmoja, kila mmoja na jina la baba yake. Akanijia pale vumbini. Alikuwa hajawahi kuniamkia tangu aje Mpanda. Akasema, "Shikamoo mwalimu. Nisamehe." Nikaitika marahaba, nikiwa nimepiga magoti, na sidhani kama nimewahi kujiona mrefu kuliko siku ile.

Lakini pia niliumia, maana karani asiye na kibao wala kitambulisho cha picha alikuwa amemaliza tatizo langu kwa swali moja. Mimi nilikuwa na karatasi nzima ya maswali, nimemuuliza mtu habari za serikali na za bunge, nikashindwa kumuuliza wewe ni Kabula wa nani.

Kabla sijaondoka yule baba alinionyesha daftari. Kwa kitongoji kile halikubaki jina la aliyejiandikisha ambaye hakupiga, na nilisimama nikayapitia yote kwa kidole, nimejaa fahari mpaka machozi. Halafu nikaona kidole chenyewe.

Vidole vyangu vyote kumi, mpaka kwenye viganja, vilikuwa zambarau ya waliooshwa wote. Chupa ya gongo ilikuwa imeisha (nyingine kwa pamba, nyingine sijui). Nilikanyaga baiskeli kama kichaa, nikafika kituo chetu cha mjini watu wa mwisho wanaingia, na karani akiwa ni mwanafunzi wangu wa zamani, msichana niliyemfundisha mwenyewe kufuata maelekezo. Akaitazama mikono yangu huku na huku.

"Mwalimu, wewe umepiga mara kumi."

Nilimweleza yote. Alisikitika kweli, lakini hakunipitisha, na mpaka leo namsifu kwa hilo hata kama siku ile nililia njia nzima. Jumatatu Deo akaja na dodoso moja lililobaki, akaniomba nimjibu mimi. Alipofika kwenye swali kama nilipiga kura, nikamwambia andika hapana. Sababu? Nikamwambia aandike kwamba nilikuwa nawaosha mikono akina Kabula. Na tangu mwaka ule, kila uchaguzi, kituo chetu kikifunguliwa mtu wa kwanza mlangoni ni mimi, mikono nimeiosha tangu jana yake.